Soma Pistoni Kabla ya Kununua Pistoni

Msikilizaji, mazungumzo ya leo yanahusu mashine ndogo inayofahamika karibu kila kijiji cha miinuko ya Kigoma: jenereta ya petroli ya kuchanganya na oili, ile ambayo wengi huiita Tiger hata kama ubavuni ina jina jingine. Kumsenga wilayani Kibondo, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Kasulu, jenereta hii ndiyo iliyowasha taa za harusi kabla ya nguzo za umeme kufika. Ndiyo iliyoendesha mashine ya kunyolea, ikachaji simu za wapita njia na kupaza sauti za kwaya siku ya mkutano wa injili.

Mwaka 2022 gridi ya taifa iliingia Kibondo na Kasulu, na zile jenereta kubwa za dizeli za TANESCO zilizokuwa zikihudumia miji hiyo zikazimwa. Wapo waliodhani kuwa na hizi ndogo siku zake zimekwisha, lakini bado zina kazi. Viko vitongoji ambavyo waya haujavifikia, na hata ulikofika, umeme hukatika. Tena injini ya aina hii haimo kwenye jenereta peke yake. Imo katika msumeno wa mnyororo wa mpasua mbao, katika mashine ya kupulizia dawa anayoibeba mgongoni mkulima wa kahawa, na katika baadhi ya pampu ndogo za kumwagilia bustani za mabondeni. Ukishuka ziwani Tanganyika, imo nyuma ya mitumbwi, kwenye mashine za Yamaha Enduro. Ukivuka bahari hadi Unguja, imo ndani ya Vespa za zamani zinazokatiza mitaa ya mji.

Injini hizi zina sifa ya kufa ghafla. Asubuhi inanguruma, adhuhuri imenyamaza, na kamba ya kuwashia haivutiki tena. Mwenye mali huambiwa injini imenoki, kisha huagiza pistoni mpya mjini, akaifunga, na baada ya muda mfupi ile mpya nayo ikanata pale pale iliponata ya kwanza. Pesa inakwenda mara mbili kwa ugonjwa mmoja ambao haukupimwa. Nasaha ya mazungumzo haya ni moja: pistoni iliyoharibika imeandikwa juu yake kilichoiua, na asomaye maandishi hayo kabla ya kwenda dukani ndiye anayeitengeneza injini ikatengemaa.

Mafundi wapo, na ni hodari. Kila kituo cha bodaboda kina kijana anayeweza kuifungua injini ya Boxer au TVS na kuifunga tena kabla jua halijazama. Lakini pikipiki hizo ni za mipigo minne. Oili yake hukaa chini ya injini peke yake, hupimwa na kubadilishwa kwa wakati wake, na petroli hutiwa tangini ikiwa tupu. Injini ya mipigo miwili, kama hii ya jenereta, haina hazina hiyo ya oili. Kinacholainisha beringi, ringi na kuta za silinda ni oili ile iliyochanganywa ndani ya petroli. Petroli tupu ikiingia, hakuna kinacholainisha chochote. Hata zile pikipiki za mipigo miwili za Yamaha, DT125 na AG100, ambazo maofisa wa serikali na wa mashirika walizitumia miaka mingi, zilikuwa na tangi dogo la oili na pampu yake. Tangi hilo likikauka, matokeo yalikuwa yale yale.

Ubunifu wenyewe ni wa zamani. Mskoti Dugald Clerk alipata hataza ya injini ya mipigo miwili mwaka 1881. Miaka kumi baadaye, mwaka 1891, Joseph Day wa mji wa Bath, Uingereza, akairahisisha kwa kuitumia nyumba ya krenki kama pampu. Pistoni ikipanda, chini yake hufyonza hewa, petroli na oili. Ikishuka, huusukuma mchanganyiko huo juu kupitia matundu ya ubavuni mwa silinda, huku moshi ukitokea tundu jingine. Hakuna valvu za kichwani wala kemushafti. Ndiyo maana mashine ni nyepesi na rahisi, na ndiyo maana mtu anaweza kuitengeneza akiwa barazani kwake.

Wepesi huo una gharama. Jenereta ya umeme wa hezi 50 huzunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kila sekunde, na injini ya mipigo miwili huwaka katika kila mzunguko. Zile za daraja la 950, namba inayoandikwa kwenye jina la modeli, ndizo zilizoenea zaidi, nazo zina silinda yenye kipenyo cha milimita 45, na pistoni husafiri milimita 40, jumla ikiwa sentimita za ujazo 63 tu. Pistoni ni ya aluminiamu, na ukuta wa silinda mara nyingi ni wa chuma. Aluminiamu ikipata joto hutanuka takriban mara mbili ya chuma, na nafasi iliyopo kati ya pistoni na ukuta ni nyembamba kama unywele. Joto likizidi, nafasi inakwisha. Pistoni hujisugua ukutani, aluminiamu hulainika na kugandama kwenye chuma, na mashine husimama.

Basi isomwe. Fundi afungue ekzosi na kabureta, atoe kifuniko cha silinda, avute silinda taratibu, kisha aitazame pistoni kwenye mwanga wa jua, akiigeuza pande zote.

Mikwaruzo mirefu ikiwa upande wa tundu la moshi peke yake, injini ilipata joto kupita kiasi upande ulio moto zaidi. Chanzo huwa oili pungufu, petroli pungufu kwa hewa inayoingia, au mzigo mzito uliobebwa muda mrefu. Mikwaruzo ikizunguka pistoni nzima na ngozi yake ikawa kavu isiyo na utando wa oili, hapo mshukiwa wa kwanza ni petroli tupu. Upande wa kuingizia hewa ukiwa umesagika na kufifia kama uliopigwa msasa, huyo ni vumbi aliyepita kwenye chujio. Na kichwa cha pistoni kikiwa kimetoboka au kingo zake zimeyeyuka, moto uliwaka ndani kwa joto lisilo la kawaida. Mara nyingi hewa ya wizi iliingia, au petroli ilikuwa mbaya, au plagi haikuwa ya aina inayotakiwa.

Hewa ya wizi inastahili maelezo zaidi kwa sababu haionekani. Krenki hutokeza nje pande mbili, na kila upande una oili sili ya mpira. Mpira ukikauka, nyumba ya krenki hufyonza hewa ambayo haikupita kwenye kabureta. Mchanganyiko hukosa petroli, na petroli ikipungua oili nayo imepungua, kwa kuwa zinasafiri pamoja. Dalili yake ni injini kupandisha kasi yenyewe bila kuguswa, au kuchelewa kurudi chini ikipunguzwa. Ukiibadili pistoni na kuiacha sili hiyo, umenunua pistoni ya kuharibu. Kipimo cha nyumbani kipo: mashine ikishafungwa tena, zibwe tundu la kabureta na la ekzosi kwa vipande vya mpira wa tyubu vilivyobanwa sawasawa, ipulizwe hewa kidogo tu kwa pampu ya baiskeli kupitia tundu la plagi huku pistoni ikiwa chini, kisha yapakwe mapovu ya sabuni kwenye sili na gasketi. Mapovu yakifura, tundu limeonekana. Hewa isizidi nusu baa, maana ikizidi ndiyo itakayozing'oa sili zilizo nzima.

Baada ya pistoni, konrodi, fimbo inayoiunganisha pistoni na krenki. Ishikwe na kuvutwa juu na chini. Kucheza kidogo ubavuni ni kawaida yake, lakini isicheze hata kidogo juu na chini. Ikicheza, beringi ya chini imekwisha, na krenki za mashine hizi ndogo zimeshindiliwa kwa presi. Hazifunguliwi kwa nyundo na zikarudi zilivyokuwa. Hapo kazi ya barazani imefika mwisho, na mwenye mali apige hesabu ya krenki mpya dhidi ya bei ya mashine nyingine. Ni afadhali ajue mapema kuliko kujua baada ya kununua pistoni, ringi na gasketi.

Konrodi ikiwa nzima, kazi inahamia kwenye silinda. Aluminiamu iliyogandama ukutani huonekana kama michirizi ya fedha. Wengi huikwangua kwa bisibisi, nao huacha makovu ambayo ringi mpya haitayaziba kamwe. Michirizi myepesi huondoka kwa msasa laini ukizungushwa kwa mkwaruzo wa kukatizana, taratibu, bila kukaza mahali pamoja. Michirizi mizito ina dawa inayopatikana kirahisi mkoani Kigoma: kostiki soda, ile ile inayopikiwa sabuni ya mawese. Kemikali hiyo hula aluminiamu na kukiacha chuma. Hupakwa kwa kijiti chenye pamba juu ya michirizi peke yake, ikatoa povu, ikafutwa, na mwisho silinda ikasuuzwa kwa maji mengi, ikakaushwa na kupakwa oili papo hapo isishike kutu.

Hapa tahadhari ni lazima. Mwili wa silinda kwa nje, na mara nyingine kingo za matundu, ni aluminiamu pia, hivyo tone likidondoka litakula kisichotakiwa kuliwa. Povu lile lina gesi ya haidrojeni inayowaka. Kostiki ikiingia jichoni hupofusha. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na moto, kwa glavu na miwani, na watoto wasikaribie. Tena kuna silinda ambazo ukuta wake si chuma bali ni aluminiamu iliyopakwa kromu au nikasili, hasa kwenye misumeno ya mnyororo. Hizo hazikwanguliwi kwa msasa mkali wala hazichongwi upya. Utando ukishatoboka, silinda hubadilishwa. Zenye sleevu ya chuma zinaweza kuchongwa kwa mashine mjini na kuvishwa pistoni ya saizi kubwa kidogo.

Kabla ya kufunga, ringi ipimwe. Iingizwe peke yake ndani ya silinda, isukumwe kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha mwanya kati ya ncha zake upimwe kwa fila geji. Kwa silinda ya milimita 45, ringi mpya huacha mwanya wa karibu robo milimita. Mwanya ukiwa umefika milimita moja, mgandamizo umepotea hata kama ringi inang'aa.

Kufunga nako kuna mambo matatu yanayoua injini mpya siku ya kwanza. La kwanza ni mshale uliochorwa juu ya pistoni: huelekea upande wa ekzosi. La pili ni kipini kidogo kilicho ndani ya mfereji wa ringi. Ncha za ringi lazima zikutane hapo, la sivyo zitanasa kwenye tundu na kuvunjika. La tatu ni klipu zinazoshika pini ya pistoni. Klipu iliyokwishatolewa hairudishwi, kwa sababu imepoteza ukakamavu wake, na ikichomoka itachana silinda kutoka juu hadi chini. Klipu mpya ni kitu kidogo, lakini uhai wa silinda nzima uko juu yake. Pistoni, ringi na beringi zote zipakwe oili ya mipigo miwili zinapowekwa, na nati za kifuniko zikazwe kwa kukingamana, kidogo kidogo, si moja mpaka mwisho kisha nyingine.

Kuna kitu kimoja ambacho hata mafundi wazoefu hukisahau. Injini inaponata ghafla, flaiwili nzito hutaka kuendelea kuzunguka, na kile kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi kinachoishika kwenye krenki hukatika au kupinda. Flaiwili ikihama hata kidogo, cheche hutoka wakati usio wake. Mashine huwaka kwa shida, hurudisha kamba kwa nguvu ikamwumiza mkono mwashaji, na hupata joto upya. Flaiwili itolewe kwa puli yake, kipande kikaguliwe, na kikiwa na kovu kibadilishwe. Ili krenki isizunguke wakati wa kulegeza nati, wajuzi huingiza kipande cha kamba laini kupitia tundu la plagi kikabana pistoni. Bisibisi haitumiki, kwa sababu hutoboa pistoni au kuvunja kingo za tundu.

Kabureta nayo ifunguliwe, hata kama haikushukiwa. Petroli inayouzwa kwa chupa na madumu huja na maji na mchanga, na jeti ina tundu dogo mno. Isitobolewe kwa waya wa chuma. Uzi wa nailoni na pumzi ya pampu vinatosha. Chujio la hewa la sponji lioshwe, likaushwe, lilowekwe oili kidogo na kukamuliwa. Vumbi jekundu la kiangazi cha miinuko hii ni kali kwa ringi kuliko saa za kazi.

Sasa mchanganyiko, ambako mengi ya haya yanaanzia. Jenereta nyingi za daraja la 950 na misumeno ya kisasa hutaka sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli. Hiyo ni mililita 20 kwa lita moja, au mililita 100 kwa dumu la lita tano. Bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa ni kipimo bora kuliko kifuniko cha chupa au makadirio ya macho. Mashine za zamani zinazotaka moja kwa 25 hupewa mililita 40 kwa lita. Oili ichanganywe ndani ya dumu na kutikiswa kabla ya kumiminwa tangini, kwa sababu ikimiminwa peke yake ndani ya tangi huzama chini na kuingia kwenye kabureta ikiwa nzito.

Oili yenyewe iwe ya mipigo miwili, iliyoandikwa JASO FB, FC au FD, au API TC. Oili ya gari haikutengenezwa kuungua. Huacha masizi yanayoziba tundu la moshi na kufunga ringi kwenye mfereji wake. Wala kuzidisha oili si kinga: oili ikichukua nafasi kubwa, petroli inayopita kwenye jeti imepungua, na joto linarudi kwa mlango mwingine. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa nayo huleta mlio wa kugonga na joto kali. Uchakachuaji huo ndio ulioifanya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ianzishe uwekaji vinasaba katika mafuta mwaka 2010.

Kwa miinuko ya Kibondo kuna jambo la ziada. Ziwa Tanganyika liko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari, na maeneo mengi ya Kibondo yamepanda hadi mita 1,500 hivi. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo mashine iliyorekebishwa ufukweni ikipandishwa huku hupata petroli iliyozidi kwa hewa iliyopo, ikatoa moshi na kuivika plagi masizi. Fundi hupunguza petroli, na mashine hutulia. Hatari huja siku mashine hiyo inaposhushwa Kigoma mjini, au ikiuzwa kwa mvuvi wa Kibirizi, kando ya ziwa. Kule hewa ni nzito, petroli iliyopunguzwa haitoshi, na pistoni hunata. Anayehamisha mashine kati ya mlima na ziwa airekebishe upya kabla ya kuipa kazi.

Injini iliyotengenezwa isibebeshwe mzigo siku hiyo hiyo. Iwashwe bila mzigo, izimwe ipoe, iwashwe tena na taa moja au mbili, mpaka ringi zizoeane na ukuta. Na iwe nje daima. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na jenereta iliyowashwa ndani ya chumba au kwenye veranda iliyozibwa inaweza kuua waliolala.

Ombi la mwisho linawaendea walimu wa ufundi, hasa wa Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kibondo na cha Kasulu, pamoja na wenye gereji za bodaboda. Pistoni zilizokufa msizitupe. Zipangeni ukutani, kila moja na maelezo ya kilichoiua: hii petroli tupu, hii vumbi, hii sili iliyokauka. Kijana anayejifunza kazi azishike na kuzigeuza mwenyewe. Nawe msikilizaji mwenye mashine, ukiletewa habari kuwa injini yako imenoki, mwambie fundi akuoneshe pistoni ya zamani na akutajie sababu. Asipoweza kuitaja, usimpe pesa ya kununua mpya.